Kabla ya Kuitupa, Isome: Maneno kwa Watengeneza Sabuni wa Bukavu

Hotuba hii ilitolewa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, kando ya Ziwa Kivu, mbele ya wamama na vijana wanaotengeneza sabuni nyumbani. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao mvua iliwazuia kufika.

Jambo yenu wamama. Jambo wababa. Na ninyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vya mbele viko wazi na hakuna anayeng'ata. Aksanti pia kwa wageni wetu waliovuka ziwa kutoka Goma.

Nimeombwa niseme juu ya sabuni ya baridi, ile tunayoitengeneza bila kuichemsha siku nzima juu ya moto wa makala: mafuta, maji, na soda kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, basi. Wenye kunialika walitaka nifundishe namna ya kuitengeneza. Hilo sitalifanya, kwa sababu wengi wenu mnaijua kazi kunishinda. Leo nataka tuzungumze juu ya sabuni ambayo haikutoka. Ile uliyoisukuma chini ya kitanda mgeni alipobisha hodi. Ile inayotoa jasho, ile inayopasuka, ile inayovunjika kama unaigusa tu, ile inayoning'inia katikati, wala si mafuta wala si sabuni.

Nani hapa hajawahi kuwa nayo? Anyooshe mkono. Mnaona? Hata mikono ya wazee wetu wa kazi imebaki magotini.

Sasa mimi nawauliza: ukishaiona imeharibika, unaifanya nini? Mmoja anaitupa kwenye mfereji. Mwingine anaishusha bei na kuiuza jioni, gizani, kwa mtu asiyemjua. Wote wawili wamekosea, na wa pili amekosea zaidi. Sabuni iliyoharibika inaonyesha wazi mahali ilipoharibikia, kwa yule anayejua pa kutazama. Na mara nyingi, ndugu zangu, mahali hapo si kwenye kalibu. Wala si kwenye kukoroga. Ni mapema zaidi: ni sokoni na kwenye mizani.

Kwa hiyo tuanze na mizani, na nitakaa hapo kwa muda, mnivumilie.

Kuna mama mmoja wa Bagira, fundi kweli kweli, mikono yake misafi. Alikuwa na kipimo kizuri alichopewa na rafiki yake: mawese kilo moja, soda gramu 135, maji gramu 270. Kipimo hicho hakina kosa. Kilo moja ya mawese inahitaji soda gramu 142 ili mafuta yote yageuke sabuni, yasibaki hata tone. Ukipunguza asilimia 5 unapata 135, na mafuta kidogo yanabaki huru ili sabuni isikwaruze ngozi. Ndivyo tunavyotaka. Lakini sabuni ya mama huyu iliunguza. Mteja alirudi na vidole vimebabuka, na mama akamlaumu muuza soda. Soda ya siku hizi kali, alisema. Wamechanganya kitu.

Soda haikuwa na neno. Soda aliipima kwa mizani, gramu 135 kamili. Mawese aliyapima kwa chupa ya lita moja.

Semeni nami: lita si kilo. Tena: lita si kilo! Lita ya maji ina kilo moja, hiyo ndiyo inayotudanganya. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea. Lita moja ya mawese ina gramu 900 na kidogo, tuseme 910. Gramu 910 za mawese zinamaliza soda gramu 129, hazimalizi 135. Gramu 6 zimebaki bila kazi, na soda isiyo na kazi inajitafutia kazi kwenye mikono ya mteja. Alidhani ameacha mafuta ya ziada, kumbe ameacha soda ya ziada. Na yeye alikuwa anatengeneza lita 10 kwa mara moja. Hesabuni wenyewe.

Mtaniambia: lakini sokoni wanatuuzia kwa chupa na kwa bido, yaani kwa dumu. Ndiyo. Nunua kwa chupa, nunua kwa bido, jadili bei unavyotaka. Ukifika nyumbani, weka ndoo tupu juu ya mizani, isome, kisha mimina. Na mizani yenyewe uijaribu. Hapo ndipo lita ya maji inapotusaidia: jaza chupa ya lita moja mpaka kwenye alama yake, ondoa uzito wa chupa, mizani iseme kilo moja au karibu sana. Ikisema gramu 950, usiitumie kupima soda. Itumie kupima viazi, kama dhamiri yako inakuruhusu.

Jambo la pili hapo hapo kwenye mizani: mafuta hayalingani. Kila mafuta yana hamu yake ya soda. Kilo ya mawese nimesema inataka gramu 142. Kilo ya mafuta ya mise, yale ya kiini cha ndani ya ngazi, tunda la mchikichi, inataka kama 176. Mafuta ya ng'ombe kama 140. Alizeti 134 hivi, na avokado karibu na hapo hapo. Sasa kijana mmoja wa Panzi alikuwa na kipimo chake: mawese gramu 700, mise gramu 300, soda 145. Siku moja mise ilimwishia. Akafanya nini? Akajaza pengo kwa mawese. Mafuta ni mafuta, alijisemea. Soda akaiacha ilivyo. Lakini kilo nzima ya mawese haiwezi kumaliza gramu 145. Zikabaki 3, na ile akiba ya mafuta yote ikapotea. Ukibadilisha mafuta, badilisha soda. Hata ukibadilisha gramu 100 tu, kaa chini, chukua kalamu.

Na kuna ugonjwa wa upande mwingine, sabuni laini yenye mafuta mafuta, isiyotoa povu, isiyokauka hata baada ya mwezi. Huyo mara nyingi ni mgonjwa wa soda iliyozeeka. Soda kostiki inavuta maji kutoka hewani. Mmeona zile chembe zinavyolowana ukiacha mfuko wazi, kisha zinashikana bonge? Inavuta pia hewa ile tunayoitoa puani na kugeuka kuwa soda nyingine, dhaifu, ya kufulia, ambayo haiwezi kugeuza mafuta kuwa sabuni. Mizani inakuambia gramu 135, nayo haisemi uongo, lakini ndani ya hizo 135 kuna maji na kuna soda iliyokufa. Nunua kwa muuzaji mwenye ndoo inayofungwa. Ukifika nyumbani, ihamishie kwenye chombo cha plastiki ngumu chenye kifuniko cha kukaza. Ukifungua mfuko mpya, jaribu kwanza kwa mafuta nusu kilo, usikimbilie kumwaga bido zima.

Nakaa kwenye chombo hicho dakika moja, hata kama haikuwa kwenye mpango wangu. Wamama, soda ya kwenye maji haina rangi. Ikishapoa haina harufu. Mtu anaiweka kwenye chupa ya maji ya kunywa, chupa ya soda ya machungwa, anaiacha juu ya meza, anakwenda kufungua mlango. Mtoto anatoka kucheza na kiu. Niseme zaidi? Soda inaunguza koo na utumbo kwa dakika chache, na mtoto anayepona anaweza kubaki na koo lililobana maisha yake yote. Usiweke maji ya soda kwenye chupa ya kinywaji. Usifanye hivyo hata kidogo, hata kwa dakika tano, hata kama unaishi peke yako. Na ikitokea, usimtapishe mtoto. Kile kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Mkimbize hospitali. Ikikurukia jichoni au kwenye ngozi, vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, ndipo uende kwa daktari. Siki wanayosema watu ibaki jikoni, kazi ni ya maji. Na soda ndiyo inayoingia ndani ya maji, kidogo kidogo, nje ya nyumba au karibu na dirisha. Usimimine maji juu ya soda, itachemka na kukurukia usoni. Miwani, glavu, viatu vilivyofunika vidole. Nimemaliza hapo.

Turudi kwenye sabuni. Baada ya mizani kuna joto, na joto la Bukavu lina hila zake.

Wenzetu wa Uvira na Baraka wanatengeneza sabuni kwenye joto, mawese yao yanamiminika kama maji. Sisi hapa juu, karibu mita 1,500, nani hajaona mawese yakiwa yameshikana ndani ya chupa asubuhi? Mpaka uiweke juani au kando ya mbabula, lile jiko la makala, ndipo yamiminike. Ni mafuta yale yale, sisi tuko kwenye baridi tu. Sasa fikiri: umechukua mawese yaliyoyeyuka nusu, umemimina maji ya soda yaliyopoa kabisa, unakoroga. Dakika tatu, rojo limekuwa zito! Unafurahi. Ukichota kwa mwiko na kudondosha juu yake, mchirizi unabaki juu, hauzami. Unasema imeshika, unamimina kwenye kalibu, unalala.

Asubuhi unakuta nini? Juu mafuta ya rangi ya machungwa. Chini maji. Katikati kitu kama uji wa jana.

Rojo lile lilikuwa la uongo. Halikuwa sabuni, yalikuwa mafuta yaliyoganda kwa baridi. Ndiyo maana ninawaomba mfanye kazi mafuta na maji ya soda yote yakiwa na joto la nyuzi 40 au zaidi kidogo: ndoo ukiishika kwa nje iwe ya joto, isikuunguze. Usipoamini uzito wa rojo lako, litie mashaka. Iweke ndoo yako ndani ya beseni la maji ya moto, koroga dakika chache. Rojo la kweli litabaki zito au litazidi. La uongo litalegea, na utaona mafuta yanapanda juu yanameta. Endelea kukoroga, hujachelewa. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo hapa kwetu sina haja ya kulieleza, usimimine kwa hasira. Weka mashine ya kukorogea kando, shika mwiko wa plastiki au wa inoksi, chuma kisichoshika kutu, koroga kwa mkono na upumzike na ukoroge tena. Itachukua muda mrefu. Itashika.

Lakini niseme juu ya yule aliyekwisha kumimina na kukuta maji chini. Hapa watu wanafanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza. Wanainamisha kalibu, wanamwaga yale maji, wanasema sasa sabuni itakauka. Maji gani hayo? Hayo ndiyo soda yako! Umemwaga soda, umebaki na mafuta, halafu unashangaa mwezi mzima kwa nini sabuni haikauki. Tena umeyamwaga pale ambapo watoto wanapita bila viatu. Usimwage kitu. Vaa glavu, rudisha vyote ndani ya ndoo, mafuta, uji na maji, weka ndoo ndani ya maji ya moto, koroga mpaka vishikane upya. Sabuni haitakuwa nzuri ya kupigiwa picha. Itakuwa sabuni.

Na chombo? Haraka haraka: kisiwe cha alumini. Sufuria nyingi za soko letu ni alumini iliyoyeyushwa upya, na soda inaila alumini. Binti mmoja alimwaga maji ya soda kwenye sufuria ya mama mkwe, ikaanza kuchemka bila moto, maji yakawa meusi, akadhani amepata soda yenye nguvu. Mapovu yale ni haidrojeni, hewa inayoshika moto, na mbabula ilikuwa hatua mbili kutoka hapo. Mungu alimsaidia. Sufuria ilitoboka, na mimi habari za mama mkwe sikuuliza. Tumia inoksi, au ndoo ya plastiki ngumu.

Sasa tuseme umepima vizuri, umekoroga vizuri, umefungua kalibu. Je, unaona nini? Hapa wengi wanaogopa kisichotisha na kudharau kinachotisha.

Mnaona unga mweupe juu ya sabuni? Wangapi wameutupa mzigo mzima kwa sababu ya unga mweupe? Unga ulioko juu tu, mwembamba, mkavu, unaofutika kwa kidole, ni soda iliyokutana na hewa kabla sabuni haijashika. Ukwangue kwa kisu, au upitishe mvuke wa maji ya moto. Mara nyingine funika kalibu kwa plastiki siku ya kwanza na upunguze maji kidogo. Haudhuru mtu. Lakini ukikata mche na kukuta ndani vidoa vyeupe vigumu, au vitundu vyenye maji maji, simama hapo. Hiyo inaweza kuwa soda ambayo haikuyeyuka, inakaa humo inasubiri mkono wa mtu.

Utajuaje basi? Kwa ulimi. Msicheke, ni kipimo cha mafundi tangu zamani. Subiri siku mbili au tatu. Kama una shaka kubwa, kwanza osha kidole, kilowanishe, sugua sabuni, uone kama ngozi inawasha. Ikiwasha umepata jibu. Isipowasha, gusisha povu lile kidogo kabisa kwenye ncha ya ulimi. Sabuni nzuri ina ladha ya sabuni, mbaya lakini tulivu. Sabuni yenye soda iliyobaki inakupiga kama ulimi umegusa betri ya radio. Suuza kinywa, tema. Ikipiga leo, ijaribu tena baada ya wiki, maana sabuni changa huendelea kufanya kazi. Ikipiga hata baada ya hapo, haiendi sokoni. Nimesema haiendi sokoni! Na jaribu mahali pengi, juu, chini, katikati, kwa sababu soda isiyoyeyuka haikai kila mahali.

Duara jeusi katikati ya mche na ukingo mweupe? Katikati palipata joto kuliko pembeni, basi. Ni sura tu. Uza. Nyufa juu, au sabuni iliyopanda na kumwagika nje ya kalibu? Hilo ni joto lililozidi. Kikundi kimoja cha Kabare kilitia asali, asali nzuri ya kwao, na maziwa, kisha wakafunika kalibu kwa blanketi mbili kwa sababu waliambiwa Bukavu kuna baridi. Sukari ya asali na ya maziwa inawasha joto ndani ya sabuni. Usiku ikapanda. Wageni wetu wa Goma hawahitaji kuelezwa volkano ni nini, lakini wale wa Kabare waliiona mezani. Ukitia asali, maziwa au sukari, ondoa blanketi, tumia kalibu ndogo, weka mahali penye upepo. Ikipanda mbele ya macho yako, irudishe chini kwa mwiko, glavu mkononi.

Rojo lililoganda ghafla kama zege wakati wa kutia harufu? Mara nyingi ni marashi ya dukani, yale ya kujipulizia mwilini. Yana alkoli. Mafuta ya karafuu pia yanaharakisha. Majani ya mchaichai na mikaratusi tunayo mpaka mlangoni, sijui tunakimbilia nini marashi.

Kisha kuna vidoa vya rangi ya kutu vinavyokuja baada ya miezi, na harufu ya mafuta yaliyochacha. Kwenye sabuni ya mawese mekundu, ambayo yenyewe ni ya machungwa, pua itakuambia kabla ya macho. Sababu ni mafuta ya zamani, yale ya chini ya bido ambayo mwenye duka alikuuzia kwa bei ya huruma. Au umeacha mafuta ya ziada mengi mno, asilimia 10, asilimia 12, ukidhani ni zawadi kwa ngozi. Au umeanika juu ya nyavu za chuma zenye kutu. Anika juu ya mbao, penye kivuli na upepo. Mafuta yaliyochacha hayarudi kuwa mazima, hata uyatilie harufu gani. Sabuni hiyo ibaki nyumbani ya kufulia vitambaa vya jikoni.

Na sabuni inayovunjika vunjika ukikata? Ama soda imezidi, na ulimi utakuambia, ama maji yalikuwa machache na umechelewa kukata. Ulimi ukiwa kimya, kata mapema zaidi safari ijayo. Laini tu, haina mafuta, haipigi? Hiyo haina ugonjwa. Haijakomaa. Ndani ya siku mbili kazi kubwa ya soda imekwisha, lakini maji bado yamo, na sabuni yenye maji inayeyuka ndani ya beseni la mteja kwa wiki moja, naye hatarudi. Wiki 4 mpaka 6. Katika miezi ya mvua ongeza. Najua ada ya shule haingoji wiki 6, mimi pia ni mzazi. Kwa hiyo tengeneza kidogo kidogo kila wiki, ili kila wiki kuwe na mzigo unaokomaa. Na njia ya kujua bila kubahatisha: chagua mche mmoja, mwandikie tarehe, mpime kila wiki. Siku uzito unapoacha kushuka, mzigo uko tayari.

Sasa dawa. Umesoma, umepata ugonjwa. Unaponyaje?

Kama unajua kosa, hesabu ni nyepesi ajabu. Mrudieni mama wa Bagira. Alitia lita akidhani ni kilo. Amepungukiwa gramu ngapi za mawese kwa kila lita? Tisini. Basi anadaiwa tisini. Akwaruze ile sabuni kwa kikwaruzo, iwe kama karoti za saladi, aitie kwenye chombo cha inoksi kilichokaa ndani ya maji yanayochemka, aongeze gramu 90 za mawese ya moto kwa kila lita ya mwanzo, na maji kidogo sana, vijiko tu. Afunike, akoroge mara kwa mara mpaka iwe rojo moja linalong'aa. Gramu 42 hivi zitamaliza ile soda iliyobaki, na zilizosalia zitakuwa ile akiba ya asilimia 5 aliyoitaka tangu mwanzo. Aisukume ndani ya kalibu, aigonge gonge mezani, hewa itoke. Siku mbili tatu, ulimi tena.

Lakini angalieni: aliweza kuponya kwa sababu alijua alichotia. Aliandika kwenye daftari la mtoto wake la hesabu, kati ya kazi za darasa: mawese chupa moja, soda 135, maji 270. Neno lile "chupa" ndilo lililomwokoa. Angeandika "kilo" kama kipimo kilivyosema, tungetafuta mpaka leo. Andika ulichofanya, si ulichotaka kufanya. Tarehe, uzito, mafuta yametoka kwa nani, soda imefunguliwa lini, kama umeme ulikatika.

Na asiyejua? Aliyechanganya bila mizani, au aliyerithi ndoo ya jirani? Huyo atumie chumvi. Katakata sabuni yote, ichemshe kwa maji mengi kwenye chombo cha inoksi au pipa la chuma mpaka iyeyuke. Kisha tia chumvi, gao kwa gao, ukikoroga. Kuna wakati utaona rojo linakatika: sabuni inajitenga kama maziwa yaliyoganda na kupanda juu, na maji yenye chumvi yanabaki chini, yakiwa yamebeba ile soda iliyozidi. Zima moto, acha mpaka kesho. Toa bamba la juu, lijaribu kwa ulimi. Likipiga bado, rudia. Viwanda vikubwa vilifanya hivyo hivyo kwa miaka mingi, na mnajua walitafuta mafuta yao wapi? Hapa kwetu. William Lever, yule Mwingereza wa sabuni, alipewa maeneo ya mawese Kongo mwaka 1911. Leverville yake leo ni Lusanga, kule Kwilu. Mawese yalikwenda Ulaya, sabuni ikarudi na bei. Hiyo ni hotuba nyingine.

Sabuni iliyokatwa kwa chumvi ni ngumu na safi, lakini gliserini yake imeondoka na maji, kwa hiyo inakausha ngozi. Iite ya kufulia, iuze kama ya kufulia. Maji yaliyobaki chini bado ni makali: yapoe, yashikwe kwa glavu, yamwagwe chooni na maji mengi nyuma yake. Yasipelekwe ziwani, wala kwenye mifereji ya Kadutu inayoshuka kwenye nyumba za watu wa chini.

Mnaniuliza kuhusu maji, naona mkono wa mama pale nyuma tangu mwanzo, unisamehe mama. Ndiyo: maji ya mvua ni bora kuliko ya ziwa. Maji ya Kivu yana madini mengi, na madini yanashika sabuni na kuigeuza ukoko usiotoa povu. Na mvua Bukavu hatuna upungufu wake. Kinga maji safi baada ya mvua ya kwanza kuosha mabati, yachuje kwa kitambaa.

Sasa niliwaambia kila mtu aje na sabuni yake mbaya, na naona mifuko mingi chini ya viti. Leteni hapa mezani, na daftari kwa aliye nalo. Glavu ziko kwenye boksi lile. Msiguse bado ile ya kwenye ndoo nyekundu, ina maji chini, nayo ndiyo tutakayoanza nayo. Mama mwenye ndoo yuko wapi? Njoo mbele, mama. Tuambie kwanza: mawese ulipima kwa nini?